Sinigang Ndiyo Kipimo Changu cha Mkahawa wa Kifilipino

Kwa anayeishi ughaibuni, mkahawa wa Kifilipino wa mtindo wa turo-turo, ambamo mteja huonyesha kwa kidole chakula anachokitaka kati ya vile vilivyopangwa nyuma ya kioo, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa hahitaji kujua jina la chakula hata kimoja.

Mkahawa ninaokula kila Jumamosi niliupima kwanza kwa sinigang, mchuzi unaopata uchachu wake kutokana na ukwaju. Bakuli liliwekwa mbele yangu likiwa bado linafuka mvuke, vipande vya figili vikielea juu, na uchachu ukashika pembeni mwa ulimi kabla sijaihisi ladha ya nyama ya nguruwe. Mahali pengine nilipewa uliokorogwa kwa unga wa pakiti, na tofauti yake ni mbingu na ardhi. Adobo yao, iliyopikwa kwa siki, mchuzi wa soya na kitunguu saumu, nayo ni nzuri.

Kilichonisikitisha ni kare-kare. Mkia wa ng'ombe ulikuwa laini na rojo la karanga zito, lakini chakula kililetwa bila bagoong, yaani uduvi uliochachushwa kwa chumvi, ilhali ndio unaokikoleza. Mhudumu alinieleza kwamba wageni wengi hawaipendi harufu yake. Naona si haki kumwamulia mteja, aulizwe kwanza. Hata hivyo aliniletea kibakuli mara moja, nami nikakimaliza chote.