Mawe ya Wapikti, Aberlemno: nyota nne, ila usiende Desemba

Kiingilio hakuna, geti hakuna. Ni mawe yaliyochongwa na Wapikti, watu wa kale wa Uskoti: matatu yamesimama kando ya barabara ya B9134 kati ya Forfar na Brechin, huko Angus, Uskoti. La nne liko makaburini, penye kanisa, hatua chache kwa miguu. Kasoro kubwa ni msimu. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwezi wa Aprili hivi hufunikwa makasha ya mbao, maana maji hupenya ndani ya jiwe la mchanga, yakiganda yanatanuka na kuubambua uso wake. Ukienda Desemba utapiga picha ya masanduku.

Anza na la makaburini. Mbele kuna msalaba. Zunguka nyuma, ndiko kwenye uhondo. Katikati, askari watatu wa miguu wanamkabili mpanda farasi: wa kwanza ana upanga na ngao, wa pili ametokeza mkuki mrefu kumpita mwenzake, wa tatu anangoja nyuma. Chini kulia, ndege anamdonoa usoni mtu aliyeanguka. Wengi husema hivyo ni vita vya tarehe 20 Mei 685, mfalme Bridei wa Wapikti alipomuua Ecgfrith, mfalme wa Northumbria, ufalme jirani wa kusini. Usilimeze hilo zima zima. Jiwe lenyewe huhesabiwa kuwa limechongwa baadaye.

Anayetafuta mtu mwenye chale hapo ataondoka mikono mitupu. Jina Picti, yaani “waliopakwa rangi” kwa Kilatini, linaonekana mara ya kwanza mwaka 297, katika hotuba ya kumsifu Constantius, mtawala wa Kiroma. Karne ya 7 askofu Isidore wa Seville akalifafanua kwa habari za kuchanjwa chale kwa sindano na utomvu wa mmea. Lakini Waairishi waliwaita Cruithni, na Wawelshi Prydyn, majina ya ukoo mmoja na lile la Britania. Wapo wanaodhani Waroma walisikia jina la wenyeji wakalivika maana ya Kilatini, ubishi haujaisha. Nasi tusicheke, “Waswahili” nalo tulipewa na Kiarabu: watu wa pwani.

Jiwe gumu kusoma ni moja la yale ya kando ya barabara, lisilo na msalaba: nyoka, duara mbili zilizokatwa na fimbo ya umbo la Z, kisha kioo na kitana. Mistari imechimbwa kidogo tu, kwa hiyo jua la mchana huifuta kabisa. Fika asubuhi na mapema au jioni, au mulika tochi kutoka ubavuni, si usoni. Chaki usipake, na karatasi ya kunakilia michoro kwa kusugua uiache nyumbani. Kila msuguo hula jiwe.

Mvua ikikushika, jumba la makumbusho la kijiji cha Meigle liko kama nusu saa kwa gari: mawe zaidi ya ishirini ndani ya shule ya zamani, kwa tiketi. Nalo hufungwa majira ya baridi.