Canon 1100D ya kitambo na Sony RX100 III ya mfukoni, nimezunguka nazo zote mbili na haya ndo niliyoyaona

Kwanza mjue mi sio kamera mani wa kulipwa. Mi ni yule jamaa ambaye kila ukoo anaye, shughuli ikikaribia anapigiwa simu "we si una kamera, njoo nayo basi", anazunguka ukumbini masaa sita, pilau anakuja kulikuta limebaki ukoko. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni cha mtu wa sendofu, kipaimara, mahafali ya chekechea na matembezi ya kwangu mwenyewe, wenye studio na mataa yenu mnisamehe.

Canon 1100D ilitoka 2011, megapikseli 12, mi niliinunua yuzdi Kariakoo kwa laki nne na nusu ikiwa na ile lenzi yake ya milimita 18-55 inayokuja nayo kwenye boksi. Imenitumikia miaka na miaka haijawahi kugoma. Sony RX100 III yenyewe ya 2014, nayo ni yuzdi, shemeji alinitafutia huko aliko akaja nayo likizo, ikanitoka kama laki tisa. Najua 2014 sio juzi, ila pembeni ya 1100D inaonekana mtoto wa shule. Ni kamera ya mfukoni lakini sensa yake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, sio ile punje ya kwenye simu, ni ya inchi moja kama wanavyoiita, japo ukipima kwa rula ni milimita 13.2 kwa 8.8, hiyo inchi moja wameitoa wapi wanajua wenyewe.

Sensa ya Canon ni milimita 22.2 kwa 14.7, yaani eneo lake ni karibu mara tatu ya Sony. Mi kwa hesabu hiyo nilijua kabisa Canon itashinda usiku, sensa kubwa inakula mwanga mwingi, si ndo tunavyoambizana siku zote? Nikaenda sendofu ya mdogo wangu na zote mbili, Canon shingoni Sony mfukoni, nikiwa na uhakika wangu huo.

Ukumbi wenyewe mnaujua, taa za zambarau na bluu zinazunguka, mwanga mweupe uko juu ya keki tu. Bibi harusi mtarajiwa anaingia anacheza, mi niko mita kama nne, nimevuta zumu mpaka mwisho, lenzi ya Canon ukivuta mpaka 55 inabana mpaka f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la kupitisha mwanga ni dogo). Nikaweka spidi 1/60 ya sekunde ili asitikisike, kamera ikapanda ISO 6400 ambapo ndo mwisho wake, hamna pa kwenda tena (ISO ni jinsi kamera inavyojilazimisha kuona gizani, ikipanda na chembechembe zinapanda). Picha nikaipata, ila ukiikuza uso umejaa chembechembe kama mtu kamwagiwa pumba. Nikatoa Sony, nayo nikavuta mpaka mwisho wa zumu yake, pale bado iko f/2.8. Spidi ileile, ISO 1600. Nyumbani nikaziweka mbili kwenye laptopu na mke wangu hajui ipi ni ipi, akanyooshea kidole ya Sony bila kufikiri, akasema hii nyingine umepiga na simu?

Nikakaa nikapiga hesabu nikaelewa. Kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 mwanga unaopita ni mara nne. Sensa ya Canon inaizidi ya Sony kama mara 2.8. Sasa nne gawa kwa 2.8, Sony anaondoka na mwanga zaidi hata kwa sensa yake ndogo. Upande wa pana ni hadithi hiyohiyo, Canon f/3.5 Sony f/1.8. Ni kama una beseni kubwa lakini bomba lako linadondosha matone, mwenzio ana kindoo na bomba linafoka. Nani anajaza kwanza? Na hili ndo wauzaji hawakwambii, unauziwa "kamera kubwa" na lenzi inayoikaba koo. Watu wengi ninaowajua wenye hizi Canon za kuanzia hawajawahi kuitoa ile 18-55 tangu wanunue, kwa hiyo ile sensa kubwa waliyoilipia hawajawahi kuifaidi hata siku moja wakiwa ndani ya ukumbi.

Ila subiri, msiuze bado. Kuna kale kalenzi ka Canon ka milimita 50 f/1.8, hakana zumu, ka plastiki, kepesi kama kikombe cha chai, yuzdi hakana bei ya kutisha. Nilikavaa kwenye hiyohiyo 1100D wiki iliyofuata kwenye kipaimara na mambo yakageuka kichwa chini. Sasa beseni kubwa limepata bomba kubwa. Uso wa mtoto umekaa mbele, nyuma yake kwaya na maua vimeyeyuka kabisa, ile picha ambayo mama mtu akiiona anaomba aisafishe aweke sebuleni. Sony haifiki hapo hata ukiibembeleza, inafifisha nyuma kidogo, unaona kuna juhudi, ila ni juhudi tu. Shida ya 50 kwenye Canon hii ni kwamba inakuwa ndefu, inavuta vitu karibu kama lenzi ya 80 kwenye kamera za filamu, kwenye sebule za kwetu unarudi nyuma mpaka mgongo unagonga friji na bado bibi hajaingia kwenye picha.

Kwenye upana Sony ndo mwenyewe. Nilienda nayo Zanzibar, si unajua vichochoro vya Mji Mkongwe, unataka kupiga mlango mzima na vile vichwa vya shaba na fremu ya nakshi, na ukuta wa nyumba ya pili uko nyuma yako hatua mbili. Kwa hesabu hiyo ya kamera za filamu Canon na 18-55 inaanzia kama 29, Sony 24, na namba ikiwa ndogo ndo inaona pana zaidi. Namba zinaonekana ndogo ila pale kichochoroni ni tofauti ya kupata mlango na kizingiti chake au kukata pembe. Na watu hawakusumbui. Ukitoka na Canon shingoni kila mtu "boss, spice tour?", na mimi mtu wa Magomeni jamani. Na Sony nilikuwa naonekana mtu tu.

Kuna mama anakaanga vitumbua karibu na gesti niliyofikia, nikamwamkia, nikanunua vya mia tano vya kuombea ruhusa, nikachuchumaa na Sony. Hii ukiwa kwenye upana inashika fokasi mpaka sentimita tano, kwa hiyo nilikuwa juu ya chungu kabisa, unaona kitumbua kinavyofura katikati, pembeni mafuta yanatoa vipovu vidogo kama povu la sabuni, ule ukingo wa kahawia unaanza kujichora, na kijiti chake cha kugeuzia kimeungua nchani. Akaniambia "sogea mwanangu, mafuta yatakurukia na hako kadude kako." Kweli likaruka tone, likatua sentimita moja kutoka kwenye kioo. Ile picha naipenda kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Canon na 18-55 inataka sentimita 25 kutoka kwenye sensa, sio mbaya, ila usingepata ile hisia ya kuwa ndani ya chungu.

Sasa tuje kwenye kushika. Hapa Sony inanikera. Kitu laini cha kuteleza, hakina pa kukamata, jasho la Dar likiingia unaishika kama sabuni, na kishikio chake wanauza pembeni, cha kubandika. Tundu la kuchungulia linaruka juu kama toy, unabonyeza pembeni linachomoza, afu unalivuta kuja kwako ndo uone vizuri, ukisahau kulivuta unaona ukungu tu unadhani macho yameharibika. Na kituko chenyewe sasa, ukilirudisha ndani kamera INAZIMIKA. Mara ngapi nimemaliza kuchungulia nikalisukuma chini niendelee na skrini, lenzi ikajikunja ikaingia ndani, na hapo bwana mdogo anapewa kipaimara chake na Askofu hasubiri mtu. 1100D unawasha asubuhi unaizima jioni, unachungulia kwenye kioo cha kweli, hamna kuchelewa, kidole kinajua vitufe vyote gizani.

Ila hilo tundu la Sony lina faida moja ambayo kwa shughuli zetu ni kubwa sana. Unaona picha itakavyokuwa KABLA hujabonyeza. Shela jeupe, bwana harusi mweusi tii na suti nyeusi, Canon inachanganyikiwa, unapiga, unaangalia nyuma, shela limeungua lote, limekuwa jeupe tupu, unapunguza, unapiga tena, uso umepotea, na wakati huo wameshatoka kukata keki. Sony inakuwekea mistari kama ya pundamilia pale panapokaribia kuungua, unazungusha kidogo, mistari inaondoka kwenye shela, bonyeza. Na skrini yake inageuka mpaka inakutazama wewe mwenyewe, watoto wanaipenda hiyo. Skrini ya 1100D tusiiongelee, kila picha inaonekana kali pale nyuma, ukifika nyumbani ndo unalia.

Rangi, hili ni la kwangu msinipige mawe, ngozi zetu nazipenda zaidi zinavyotoka Canon bila kuchezewa. Zina joto, zina ule wekundu kwa mbali. Sony kwenye taa za ukumbi inamfanya shangazi aonekane kama ana homa, mpaka uiwekee rangi mwenyewe.

Betri: Canon wanasema picha 700 ukichungulia kwenye tundu, na mi nimeshamaliza shughuli nzima kwa betri moja. Sony 320 kwenye karatasi, ukiongeza video inakata kabla mshereheshaji hajamaliza utani wake. Lakini Sony inachajiwa kwa USB, ile ya kizamani ya simu, naichomeka kwenye pawabenki wakati watu wanakula. Siku umeme umekatika mtaani huo ndo ukombozi, Canon bila chaja yake ya ukutani imekufa. Na Sony ina waifai, picha inaenda kwenye simu palepale, kabla hujafika nyumbani shangazi kashaweka stetasi.

Video fupi tu: 1100D ni 720, sauti mono, ukishaanza kurekodi fokasi haikufuati, kwa hiyo sahau. Sony ni 1080 safi sana, ila ule ubora wake wa juu inagoma mpaka uweke kadi ya kumbukumbu aina ya SDXC, nilizunguka nusu saa nikidhani mbovu kumbe kadi. Zote mbili hazina tundu la maiki, mkitaka hotuba zisikike tafuteni kifaa kingine.

Vumbi sasa. 1100D haina kile kitetemeshi cha kujisafisha sensa, ukibadili lenzi ufukweni imekula kwako, madoa yanakaa angani kwenye kila picha ya mchana. Nilimpelekea fundi mmoja, akafungua, akapuliza kwa MDOMO, akafuta na kitambaa cha miwani, nikarudi na madoa yaleyale pamoja na mstari mpya wa mate. Ikabidi ninunue vifaa nijifunze mwenyewe. Sony nayo lenzi inaingia inatoka kila saa, inavuta vumbi ndani, na likishaingia huko hamna cha kubadili wala kufuta, ni kuifumua kamera nzima. Yangu bado safi, naiweka kwenye soksi ya mtoto kisha mfukoni, kucheka ruksa.

Halafu kuna hili la heshima ambalo kwenye mitandao ya watu wa nje hawalisemi. Ukisimama na 1100D, hata kama ni ya 2011 na mpira wake umeanza kubanduka, watu wanakaa sawa, wanafunga vifungo, mlinzi anakupisha mbele. Ukitoa Sony, shangazi anakuuliza "we baba, hako ndo kamera? Si ungetumia simu tu." Nimeshasukumwa na mwenye tableti. Na hiyo Sony haina mahali pa kupachika fleshi ya nje, una kale kadogo tu kanakochomoza, wakati Canon unapachika fleshi kubwa unaielekeza darini na ukumbi wote unaamka. Mwenye kulipwa kwa kazi hii hana swali, achukue Canon, aongeze 50 na fleshi, hata akijumlisha vyote bado haifiki bei niliyotoa kwa Sony.

Mi mwenyewe siku za shughuli bado nabeba zote, Canon na 50 shingoni, Sony kwenye soksi yake. Siku za kawaida Canon iko kabatini, Sony ndo inatoka na mimi kila siku, kwenye daladala, sokoni, kivukoni Kigamboni jua linavyozama. Picha nzuri za binti yangu zote za mwaka huu ni za Sony, sio kwa sababu ni kali zaidi, nilikuwa nayo tu. Lakini ile niliyoikuza A3 ukutani ni ya Canon, mnara wa Beit al-Ajaib kule Zanzibar, niliipiga kabla haujaanguka Desemba 2020, na megapikseli 12 zimetosha kabisa, unahesabu mpaka nguzo.

Mdau mwenye chaja orijino ya LP-E10, betri ya hii Canon, anistue, yangu mtoto kaizamisha kwenye ndoo.