Mafunzo ya malezi katika kikundi, Kirumba: uzoefu wangu wa vikao 14

Nilijiunga na mafunzo haya hapa Kirumba, Mwanza, kwa sababu binti yangu wa miaka 13 alikuwa ameacha kunijibu, nami nilikuwa nimebaki na fimbo tu. Kikundi chetu kilifuata mtaala wa wazazi na vijana wa miaka 10 hadi 17 ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na vyuo vikuu kadhaa, ambao ulifanyiwa utafiti kwa familia 552 huko Eastern Cape, Afrika Kusini. Vikao ni 14, na katika vingi mzazi huhudhuria pamoja na mtoto wake.

Kilichonigusa zaidi ni maigizo. Siku moja mwezeshaji alitutaka tubadilishane nafasi, yaani binti awe mama, nami niwe mtoto aliyechelewa kurudi. Binti yangu alijifunga kanga kiunoni kama nifanyavyo nikitoka soko la Mwaloni kuuza dagaa, akaninyooshea kidole, akaniuliza nimetoka wapi na kuniita mwongo kabla sijafumbua kinywa. Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana jibu nilikuwa nalo na sikupewa nafasi ya kulitoa.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kukaa na mtoto akifanya analolipenda yeye. Wangu alichagua kunisuka, na ni wakati nimempa kisogo ndipo aliponieleza kuwa huchelewa kwa sababu huzunguka njia ndefu, akiwakwepa vijana wanaomsumbua karibu na shule. Somo la bajeti, kwa mfanyabiashara mdogo kama mimi, halikuwa na jipya.

Lalamiko langu ni ratiba. Waliotupangia vikao waliviweka kila Jumamosi alasiri bila kuutazama mwezi, ilhali dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali ndipo wavuvi, yaani akina baba wetu wengi, hukaa nchi kavu. Matokeo yake, kati ya wazazi 18 akina baba walikuwa wawili. Nililisema hilo, likaandikwa daftarini, na ratiba ikabaki vilevile.

Ningemshauri mzazi mwenzangu aende, mradi afanye kazi za nyumbani, kwani anayekuja kunywa chai na kuondoka hapati kitu. Mume wangu alipata vikao vitatu tu, na hadi leo akipandisha sauti, binti yetu humwambia kwa upole kwamba kikao hicho alikikosa.