Shilingi 3,500 kumwona bundi: siku yangu Arabuko-Sokoke na Mida

Mimi si mpiga picha wa kazi. Nina kamera ya mtumba, Canon 80D, na Jumapili nyingi naishia kupiga picha kunguru wa Kisauni, hapa Mombasa, maana ndio tuliojaliwa. Kwa hiyo mamangu aliposikia naamka saa tisa za usiku kuwahi matatu ya Malindi, eti naenda msituni kutafuta bundi, alinyamaza kidogo kisha akauliza ni nani aliyenifanyia. Kwetu bundi akilia juu ya paa hutupiwa mawe. Halipiwi nauli.

Ila huyu si wa paani. Bundi mdogo wa Sokoke hafiki shubiri moja kwa kimo, na anajulikana katika sehemu chache tu, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke, huku pwani ya Kenya, na misitu ya vilima vya Usambara Mashariki, upande wa Tanzania. Nilikuwa nimemwona kwenye picha za watu miaka yote. Nikaamua mwaka huu nami nitampata.

Lenzi ya kuvuta vitu vya mbali nilikodi mjini, milimita 150 hadi 600, shilingi 2,500 kwa siku. Duka silitaji, lakini hapo ndipo nilipoumia. Nilipofika nyumbani nikaimulika kwa tochi ya simu upande wa nyuma, nikaona utando mwembamba kwenye kioo cha ndani. Kuvu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na lenzi ikilazwa kabatini bila kukaushwa huota kuvu kama mkate. Kivulini hata hujui kama lipo; ukielekeza kwenye mwanga, picha yote inafifia kama umeipulizia pumzi. Mulika kabla hujalipa, mbele ya mwenye duka. Mimi nililipa kwanza.

Mwelekezaji nilipewa na rafiki. Mzee wa Kigiriama, amezaliwa pembeni mwa msitu, anatoza 3,500 kwa siku nzima, gari la kukodi juu yako. Tulikutana Gede, mji mdogo ulio kando ya msitu, saa kumi na mbili na nusu. Hakuniuliza nina kamera gani. Aliuliza nimevaa viatu gani, akaviangalia, akaridhika.

Kabla ya siku hiyo nilidhani msitu ni msitu. Kumbe ndani yake mna mitatu. Upande wa bahari ni miti mchanganyiko, mirefu na yenye giza. Ukiingia ndani unakuta miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe, imeachana, jua linapenya vizuri. Hapo ndipo pa kupigia picha kwa raha. Halafu udongo unabadilika ghafla kuwa mwekundu na kichaka kinakuwa kifupi, kimesongamana, matawi yanakuvuta nywele. Bundi anakaa huko, palipo pabaya kuliko pote kwa mtu mwenye lenzi ndefu.

Mzee aliniacha njiani. "Ngoja hapa, mwanangu, usinifuate." Akazama kichakani peke yake, nikamsikia akikanyaga majani, kisha kimya. Dakika ishirini. Nilianza kuwaza habari za ndovu, maana wamo. Akarudi bila haraka, akainua vidole viwili.

Walikuwa wawili kweli, dume na jike, wamebanana kwenye kijitawi kama mayai kwenye trei, mmoja wa kijivu na mwingine wa kahawia. Hii ni kawaida kwao, bundi hawa wana rangi zaidi ya moja. Nilipoinua kamera lenzi ikagoma. Inakwenda mbele, inarudi nyuma, haishiki. Nikafikiri ni lile kuvu, kumbe nimesogea mno, lenzi yenyewe haishiki kitu kilicho chini ya mita mbili na kitu. Nikarudi nyuma hatua tatu, mwiba ukaniingia kwenye kisigino, na sasa kukawa na vijiti mbele yao na fokasi ikawa inang'ang'ania vijiti. Nikazima otomatiki nikazungusha kwa mkono. Kwa giza lile nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, hadi 3200, shata ikae wazi 1/40 ya sekunde, kamera juu ya kishikio cha mguu mmoja, pumzi nimebana. Bundi aliyelala hatikisiki, ndicho kilichoniokoa. Mmoja alifumbua jicho nusu, akaniangalia, akafumba.

Nikataka kutumia flashi. Mzee akatia kiganja chake mbele ya kamera. "Hapana. Hawa kesho nitawahitaji." Baada ya dakika kama tano akasema basi, tukatoka. Pia aliniomba nizime ile huduma ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa. Kwangu mimi 3,500 zilikuwa zimeshalipwa hapo.

Sengi mwenye kiuno cha dhahabu, yule mnyama wa pua ndefu kama kimkonga, tulimsikia mara nne akichakura majani na tukamwona mara moja. Picha niliyopata ni ya kiuno tu, kinatoka upande wa kushoto. Mnana wa Clarke, ndege mwingine wa msitu huu, hatukumwona kabisa, na mzee hakujifanya amemsikia, jambo lililonifurahisha kuliko angenidanganya.

Mchana kosa lilikuwa langu. Mzee alisema Mida, hori la bahari lililo jirani na msitu, twende saa tisa, maji yakiwa yanaingia. Mimi nikahofia kukosa matatu ya kurudi, nikasisitiza twende saa saba. Akakubali, hakubishana na mteja. Maji yalikuwa yamekupwa: bahari imekwenda mbali, tope limeanikwa hadi upeo wa macho, ndege ni nukta tu, na joto linachemsha hewa hata kila picha inatetemeka. Milimita 600 hazisaidii kitu kwenye hewa ya namna hiyo. Tukakaa kwenye kibanda cha mwisho wa daraja la kuning'inia, katikati ya mikoko, tukala viazi karai. Ada ya daraja inaingia kwenye mfuko wa karo za sekondari za watoto wanaoishi kando ya msitu, kwa hiyo hiyo sikuinung'unikia.

Saa tisa na nusu maji yakaanza kuwasukuma ndege kuja kwetu, hatua kwa hatua, kama alivyosema. Heroe kidogo, yangeyange, na wale nilioambiwa nisiwakose, wanaoitwa crab plover kwa Kiingereza: weupe, mgongo mweusi, mdomo mweusi mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana Uarabuni, Oman ikiwemo, kwenye mashimo wanayochimba mchangani, kisha hushuka kwetu. Wageni wa Oman kuja Pwani si habari mpya. Nilipiga picha mia mbili, nzuri ni sita. Zilizoelekea jua ziliharibiwa na kuvu.

Mzee nampa nyota tano, lenzi naipa nyota mbili. Usichukue 600 kwa ajili ya msitu. 100 hadi 400 nyepesi ingenitosha na mkono usingeniuma siku tatu. Nauli ya gari la ndani ulizia mapema, ilinigharimu kuliko mwelekezaji.

Usiku nikamtumia mama picha ya wale wawili. Akajibu kwa sauti: "Wazuri, wamefanana na wazee waliogombana. Sasa elfu tatu na mia tano, hata hawakulia?"