Printa ya picha: lini uchukue modeli ya zamani, lini ulipie mpya

Modeli mpya ikitoka, ile ya zamani hushushwa bei, na hapo ndipo wengi wetu hukimbilia. Mimi nilishakimbilia. Printa ilikuwa ya maonyesho dukani, ikakaa miezi bila kuchapa kitu. Nyumbani nikatoa karatasi ya majaribio, ile yenye vistari vya ngazi ngazi, na samawati ikawa imekatika sehemu tatu. Nikasafisha kichwa cha kuchapia, nikajaribu, nikasafisha tena. Wino karibu wote ukaishia kwenye sifongo la taka kabla sijachapa hata picha moja ya mtoto. Rahisi ikawa ghali.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza bei, nauliza nini hasa kimebadilika kati ya modeli hizo mbili. Wakati mwingine jibu ni kidogo sana.

Kwa watu wengi, namba moja ni Epson ET-8550, ambayo kwenye masoko mengine huitwa L8180. Ni ya tangi, hujazwa kwa chupa, na inachapa hadi A3+, yaani milimita 329 kwa 483. Ina wino wa aina sita: nyeusi ya pigmenti (wino wa chembe ndogo) kwa maandishi, nyeusi ya picha, samawati, majenta, njano na kijivu. Usikipuuze hicho kijivu. Printa isiyo nacho hutengeneza vivuli kwa kuchanganya rangi, na picha ya nyeusi na nyeupe hutoka na ukijani fulani mashavuni, kama mtu aliyetoka kuugua. Kama A4 inakutosha, ET-8500 ni ndugu yake mdogo.

Chini yake kidogo naweka Epson L805 na mrithi wake L8050. Zote mbili zina rangi sita, na badala ya kijivu zina samawati nyepesi na majenta nyepesi. Mpangilio wa rangi ni uleule, kwa hiyo ukiiona L805 inayofanya kazi vizuri, na chupa zake bado zinapatikana, sioni sababu ya kulipia jina jipya. Ila uliza imeshachapa kurasa ngapi. Pedi ya wino wa taka iko ndani, na ikijaa printa hugoma mpaka fundi aishughulikie.

Namba mbili ni Canon PRO-200 ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya PRO-100. Wino wake ni wa kuyeyuka, yaani rangi imeyeyuka kabisa kwenye kimiminika, una rangi nane, na kwenye karatasi ya kung'aa nyekundu na bluu zake zinakolea hasa. Picha ya harusi ikitoka humo, watu huishika kwa ncha za vidole. Lakini katriji moja ina mililita 12.6 tu. Ukichapa A3+ kila siku utanunua wino kama unavyonunua mkate. Je, PRO-100 ya zamani? Ni kubwa na nzito zaidi, lakini nayo ina rangi nane, kijivu kikiwemo. Kama imetumika mara kwa mara, ichukue. Iliyolala muda mrefu iache ilipo.

Namba tatu ni ya wanaouza picha au kuzitundika ukutani kwa miaka. Hapo unahitaji pigmenti: chembe ndogo zinazokaa juu ya karatasi na kustahimili mwanga kuliko wino wa kuyeyuka. Canon PRO-300, Epson P700 na P900 zote ni nzuri. Hapa ndipo upya una maana kweli. P800, mtangulizi wa P900, ilikuwa na njia moja kwa nyeusi mbili, ya karatasi ya kung'aa na ya karatasi isiyong'aa. Kila ukibadilisha karatasi, printa ilisafisha njia hiyo na kumwaga wino wa pesa nyingi. P900 imezipa nyeusi zote mbili matundu yao, na imeongeza zambarau. Anayebadilisha karatasi kila wiki alipie P900 bila kusita. Anayetumia aina moja tu akumbuke kwamba katriji za P800 ni za mililita 80, za P900 ni 50. Mtengenezaji hakuliandika hilo kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Canon PRO-1000 na mrithi wake wa 2024, PRO-1100, naziweka mwisho. Hazina ubaya, lakini zina uzito wa zaidi ya kilo 30 na zinataka kazi ya kila siku. Zote zina matangi 12 ya mililita 80. Wino wa PRO-1100 umetiwa nta ili picha isikwaruzike kirahisi. Kama huchapi A2, pita tu.

Yoyote utakayoichagua, usiibebe kabla ya kuona karatasi ya majaribio ikitoka mbele yako. Kisha soma tarehe kwenye pakiti ya wino, na uhakikishe dreva, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, ipo kwa toleo la mfumo wa kompyuta yako. Kampuni huacha kuishughulikia dreva ya modeli ya zamani kimyakimya, na wewe utagundua siku umesasisha kompyuta.