Mikoko ya Songo Mnara na mapango ya Nang'oma: nilicholipia na nilichokikuta

Mwanzoni mwa Oktoba nilisafiri kutoka Mtwara mjini kwenda Kilwa pamoja na mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa historia mwenye umri wa miaka 68, kwa ziara ya siku tatu iliyoandaliwa na wakala mmoja ambaye sitamtaja jina. Tulilipa shilingi 420,000 kwa watu wawili, bila malazi wala chakula cha jioni, na kwa fedha hiyo tuliahidiwa magofu ya Kilwa Kisiwani, kisiwa cha Songo Mnara na msitu wake wa mikoko, kisha mapango ya Nang'oma katika vilima vya Umatumbi. Kabla ya kulipa nilitafuta maelezo ya mtu aliyekwisha kufika huko, nikapata picha nyingi na maneno machache. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu kidogo.

Siku ya kwanza sitaikawiza, kwa kuwa Kilwa Kisiwani imekwisha kuandikwa sana. Kibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na kuvuka kwenyewe kwa dau ni kufupi. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 13, bado una kuba zake kadhaa, na ukisimama katikati ya nguzo zake mchana unapata ubaridi ambao nje haupo. Mwongoza wageni wetu, kijana wa kisiwani, aliijua kazi yake: alitupeleka Husuni Kubwa, gofu la jumba la kifalme, akatuonyesha birika la kuogea lenye pembe nane, na alipofika kwa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita hapo mwaka 1331, mjomba akampokea maneno, wakaendelea wawili kama waliokubaliana tangu nyumbani. Sina lalamiko lolote kuhusu siku hiyo.

Lalamiko linaanza siku ya pili. Ratiba ya wakala ilisema boti ingeondoka Kilwa Masoko saa tatu asubuhi, na sisi, watu tuliozaliwa pwani, hatukuuliza neno. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi kuandama, yaani bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na mtu yeyote aliyekulia Shangani au Mikindani kwetu Mtwara anajua kwamba wakati wa bamvua maji hujaa alfajiri na jioni, na kati ya saa nne na saa tano asubuhi huwa yamekupwa kabisa. Nahodha alilijua hilo vizuri zaidi kuliko sisi. Alituambia njiani, kwa upole, kwamba alimweleza wakala kuhusu saa hiyo na akajibiwa kwamba wageni hawapendi kuamka mapema.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa imeanza kulegea, kwa hiyo safari ya zaidi ya saa moja kwa boti ya mashine haikutusumbua, na jaketi okozi zilikuwepo, nzima na za kutosha. Tulipokaribia Songo Mnara boti ilikwama mbali na ufuko. Mbele yetu kulikuwa na tope, na baada ya tope msitu wa mikoko ambao ni lazima upite ndani yake ili ufike kwenye magofu. Nahodha alivua kandambili zake, akamwangalia mjomba, akasema, "Mzee, shikamoo yangu ulishaipokea asubuhi, sasa naomba na mkono wako." Wakashikana hivyo hadi mwisho. Mimi sikuwa na wa kunishika, nikaanguka mara mbili.

Tulitembea karibu saa nzima mahali ambapo, maji yakiwa yamejaa, boti ingetusogeza kwa dakika chache. Hata hivyo, nikisema kwamba saa hiyo ilipotea nitakuwa mwongo, kwa sababu hakuna njia bora ya kuujua msitu wa mikoko kuliko kuupita kwa miguu mizizi ikiwa nje. Upande wa baharini kulikuwa na mililana, aina mojawapo ya miti ya mikoko, ambayo mbao zake zilizojipinda zenyewe hutumiwa na mafundi kwa mataruma, yaani mbavu, za vyombo vya baharini. Nyuma yake ikafuata mikoko yenyewe, ile inayosimama juu ya mizizi iliyoinama kama miguu ya kaa, na ambayo ndiyo asili ya boriti nyingi zilizoezeka nyumba za mawe za pwani yetu na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni. Nahodha alichuma tunda moja refu la kijani na kutuonyesha jinsi mbegu ya mkoko inavyoota ikiwa bado imening'inia kwenye mti mama, ili ikidondoka iwe tayari ni mche, ijichome topeni na kushika. Karibu na nchi kavu tulikuta mikandaa, ambayo magome yake hutoa rangi na dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama, na michu, ambayo mizizi yake huchomoza juu ya tope kwa mamia kama vijiti ili ivute hewa, kwa kuwa tope lenyewe halina hewa ya kutosha. Niliambiwa nilambe jani la mchu. Nililamba, na chumvi yake ni ya kweli, maana mti huo huitoa chumvi kupitia majani.

Nilimuuliza nahodha iwapo watu wa kisiwani bado wanakata. Alisema mikoko yote ni hifadhi ya serikali na kuikata kunahitaji kibali, kisha akaongeza kwamba yeye ni mvuvi kabla ya kuwa mbeba wageni, na kamba na samaki wadogo hukulia humo humo kwenye mizizi, basi akikata anakata riziki yake. Nikiulizwa sehemu gani ya ziara nzima ilistahili fedha yake, nitataja maelezo haya ya mtu ambaye hakulipwa kuyatoa.

Magofu ya Songo Mnara, yaliyoingizwa pamoja na ya Kilwa Kisiwani katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yana misikiti mitano, jumba la kifalme na nyumba zaidi ya 30 za mawe ya matumbawe ndani ya ukuta. Tuliyatembea tukiwa na tope hadi magotini, na chakula chetu cha mchana kilikuwa kimebaki botini. Ilipofika saa nane maji yalikuwa yamerudi kiasi cha boti kutusogelea, tukala wali wa nazi na pweza tukiwa tunaondoka. Mjomba hakulalamika hata mara moja, ila alisema angependa kuarifiwa mapema kwamba anakuja kulima.

Siku ya tatu tuliondoka kabla ya jua kuchomoza kwa gari aina ya Noah, chaguo ambalo mwenye busara hawezi kulifanya kwa barabara ile. Tulirudi Nangurukuru, tukafuata lami kuelekea Somanga, na penye Njia Nne tukakata kushoto kuelekea Kipatimu. Kuanzia hapo ni barabara ya vumbi yenye kupanda na kushuka. Oktoba ilipitika, ingawa mara mbili tulishuka ili gari lipande likiwa tupu. Masika sishauri mtu ajaribu. Ukifika kijijini penye mapango unaripoti ofisi ya kijiji, unajiandikisha, unalipa ada, na unapewa vijana wa kukuongoza. Wakala alikuwa ametuambia kwamba ada hiyo imo ndani ya fedha yetu. Haikuwamo, tukalipa tena.

Mdomo wa pango ni mkubwa kuliko nilivyoutarajia, na hatua chache tu baada ya kuingia mwanga wa nje unakatika kabisa. Vilima hivi ni vya mawe ya chokaa, na maji ya mvua, yakishapita kwenye udongo na kuwa na ukali kidogo, huyayeyusha mawe hayo polepole kwa maelfu ya miaka. Yale yale maji yakidondoka tena ndani huacha chokaa chake darini na sakafuni, ndipo unapoona mawe yaliyoning'inia juu na mengine yaliyosimama chini yakiyangojea. Kuna popo wengi, na harufu ya kinyesi chao inakaba koo mpaka uizoee. Sakafu inateleza. Hakuna taa, kamba wala ngazi, na binafsi sioni vibaya pango likiachwa lilivyo, ila wakala aliyeahidi tochi ya kichwani kwa kila mgeni alileta tochi moja ya mkononi kwa watu wanne. Vijana wa kijiji ndio waliotuokoa kwa tochi za simu zao, na walijua kila mahali pa kuinama.

Mjomba aliingia hadi kwenye ukumbi wa kwanza, akaomba tuzime tochi zote. Tukazima. Kiza kile sijui nikilinganishe na nini. Akaanza kuzungumza taratibu juu ya Julai 1905, wakati Wamatumbi wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vita vya Maji Maji vikaanza, na watu wakajificha katika mapango kama haya wakiyakimbia majeshi ya Wajerumani, pamoja na watoto wao. Kijana mmoja alimjibu gizani kwamba kwao hadithi hiyo huanzia kwa bibi, haianzii shuleni. Mjomba alifundisha vita hivyo kwa zaidi ya miaka 30 na alikuwa hajawahi kufika. Aliniambia hivyo tulipokuwa tukinawa miguu nje.

Anayetaka kwenda na avae raba zenye meno, si kandambili wala viatu vya ngozi, abebe tochi mbili na betri za akiba, na akodi gari lililoinuka. Nang'oma na Songo Mnara haviwezi kufanywa siku moja, hata ukiahidiwa. Mzee mwenye matatizo ya magoti ataweza Kilwa Kisiwani bila shida, lakini Songo Mnara maji yakiwa yamekupwa hataiweza. Kwa waongozaji wa kisiwani na wa kijijini natoa nyota tano. Kwa wakala aliyetuuzia ziara natoa mbili, na moja kati ya hizo ni ya jaketi okozi.

Wiki iliyopita nilimpigia simu nahodha mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, kwa kuwa mke wangu naye anataka kwenda. Ameniambia tuje siku ya tano au ya sita tangu mwezi kuandama, ambapo maji hujaa karibu saa mbili asubuhi. Tuondoke Masoko saa kumi na mbili, tushukie karibu na magofu tukiwa wakavu, kisha turudi wakati yanakupwa ili mizizi ionekane tukiwa tumekaa botini. Mjomba amekwisha kuniuliza kama kuna nafasi ya mtu wa tatu.