Kliniki ya methadoni Mwananyamala, kwa mwenye ndugu aliyeumia kichwa

Maoni haya nayaandika kwa familia yenye mgonjwa kama mdogo wangu: kaumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, kapasuliwa, jeraha limepona, halafu kaangukia kwenye unga, yaani heroini. Mengi yanayosemwa kuhusu methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini ili aache unga, yanamhusu mraibu ambaye kumbukumbu zake ni nzima. Wetu hana hizo, na huduma lazima ipimwe kwa hali yake.

Baada ya ajali alibadilika tabia. Kijana mtaratibu akawa wa hasira za ghafla, anasahau alichoambiwa asubuhi, na likimjia jambo analifanya hapo hapo. Daktari alitueleza kwamba ameumia sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na hiyo ndiyo humsaidia mtu kujizuia. Ukiongeza kukosa kazi na kichwa kisichoacha kuuma, pale maskani kokteli, yaani sigara ya bangi iliyochanganywa na unga, ilimpata kirahisi.

Kwanza tulimpeleka nyumba ya upataji nafuu (sober house), wanakoishi waraibu wanaoacha dawa, nje kidogo ya mji. Jina lake silitaji. Chakula kilikuwa kizuri na vijana wenzake walimpenda, lakini akisahau zamu ya kufagia anaitwa mkaidi na kusimamishwa mbele ya watu. Vikao vilikuwa virefu, akili yake inachoka mapema, na akisinzia ni kosa jingine. Karatasi za hospitali niliwapelekea, wakaziweka kwenye faili, basi. Ziko nyumba nzuri, sikatai. Ila kabla hujalipa, uliza wamewahi kuishi na mtu aliyeumia ubongo, na watafanya nini akianguka kifafa.

Hospitali ya Mwananyamala, hapa Dar es Salaam, tulifika kupitia asasi inayowafuata waraibu maskani. Huduma ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, Mwananyamala ikafuata, na dawa ni bure. Mgonjwa anakwenda kila siku, sikukuu zikiwemo. Anapewa dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa dirishani huku muuguzi anamtazama, anashushia maji, kisha anasemeshwa kidogo ili ionekane amemeza. Wengine wanaona ni kufuatiliwa mno. Kwa mtu asiyekumbuka kama amekunywa dawa au la, mimi naona ndiyo salama yake, maana kuzidisha methadoni kunaua.

Kilichonifanya niwaheshimu watu wale ni suala la vidonge. Dozi ilianzia chini, ikapandishwa taratibu, asubuhi akawa mzima kabisa. Ikifika usiku, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa: miayo, kamasi, jasho, miguu haitulii. Nyumbani wakasema anajifanya ili aongezewe. Nilipoeleza kliniki, daktari hakumgombeza. Aliniuliza, "Dada, anameza dawa gani nyingine?" Nikatoa kwenye pochi karbamazepini, aliyoandikiwa kwingine baada ya kuanguka kifafa. Akatuonyesha kwamba kidonge kile kinalifanya ini limalize methadoni haraka, ndiyo maana haimfikishi asubuhi. Fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, nayo hufanya hivyo hivyo. Akatuandikia barua kwa daktari wa ubongo ili wapange pamoja, na akatukataza kabisa kusimamisha dawa ya kifafa wenyewe, kwa sababu degedege lingerudi. Mama alilia pale pale kwenye benchi. Muda wote ule mwanawe alikuwa anasema kweli.

Sasa mipaka yake. Methadoni ni ya unga na jamii yake tu, haitibu pombe wala bangi, na pombe au valiamu (vidonge vya kutuliza) juu ya methadoni inaweza kumkatisha mtu pumzi akiwa usingizini. Hasira na usahaulifu pia haviondoki, vile vinataka kliniki ya ubongo na subira ya nyumbani. Na utaratibu wa kwenda kila siku unamtaka mtu akumbuke, jambo ambalo wetu haliwezi peke yake. Akikosa siku kadhaa mfululizo hawawezi kumrudishia dozi ileile, wanaanza tena chini, kwa sababu mwili unakuwa umeshapoteza mazoea ya dozi kubwa. Kwa hiyo lazima awepo wa kumsindikiza. Sisi tunaoishi Tandale tunatembea kwa miguu. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto, nauli ya watu wawili kila siku ni mzigo mzito, na hapo natamani serikali isogeze huduma karibu zaidi na watu.

Nyumbani tumeweka daftari moja: methadoni kanywa saa ngapi, kidonge cha kifafa kameza, kalala vipi, kaanguka au hakuanguka. Wauguzi wanalisoma kweli. Sista mmoja humuuliza maswali mafupi, moja moja, na kumsubiri ajibu mwenyewe hata foleni ikiwa ndefu.

Usiyejua pa kuanzia, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Ukienda kliniki beba karatasi za upasuaji na vidonge vyote anavyomeza, vikiwa kwenye pakiti zake. Na wakiuliza historia yake, usianze na unga, anza na ajali.